Chumvi Kidogo, Ladha Nyingi: Somo la Jikoni kwa Wakulima wa Skimu

Ndugu mkulima, mwezi huu hatuanzi shambani. Tunaanza jikoni, na baba wa nyumba aje pia, maana habari hii ni yake kama ilivyo ya mama. Leta pakiti ya chumvi na kalamu.

Siku utakayofungua pakiti mpya, andika tarehe juu yake. Siku itakapokwisha, andika tarehe tena, kisha hesabu siku zilizopita. Wewe unayeandika maziwa ya kila ng'ombe asubuhi na jioni hutashindwa na kazi hii ndogo.

Hesabu yenyewe ni hii. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima ale chumvi isiyofika gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa. Tuseme nyumbani mwako mna watu wazima watano. Watano mara gramu 5 ni gramu 25 kwa siku. Basi pakiti ya gramu 500 yapasa kuwatosha siku 20, na ya kilo moja siku 40. Ikiwa ile ya gramu 500 inakwisha kwa siku 10, kila mmoja wenu anakula kama gramu 10, na hiyo ni mara mbili ya kipimo. Watoto wana haki ya kidogo kuliko wakubwa. Chumvi uliyotumia kwa kazi nyingine, kama kutibu ngozi ya mbuzi, iondoe katika hesabu. Tena kumbuka kwamba hesabu hii haioni chumvi iliyokwisha kutiwa katika mkate wa dukani, soseji, viazi vya pakiti na unga wa mchuzi. Kwa hiyo pakiti yako yapasa kudumu zaidi ya siku hizo, isipungue.

Wakulima wengi wakifanya hesabu hii kwa mara ya kwanza hudhani wamekosea. Rudia basi na pakiti ya pili.

Ubaya wake ni nini?

Mwili unahitaji chumvi, hilo ni kweli, lakini kidogo sana. Inapozidi, huvuta maji na kuyashika mwilini, na damu huongezeka katika mishipa. Fikiri mpira wa kunyunyizia maji bustanini. Ukiongeza nguvu ya pampu kila siku, mwaka baada ya mwaka, mpira huchoka, mahali pengine hupasuka. Mishipa ya damu ni vivyo hivyo. Ikipasuka au kuziba katika ubongo, hicho ndicho kiharusi. Moyo nao na figo huharibika polepole kwa sababu ya presha hiyo.

Tatizo la presha ni kwamba haibishi hodi. Mtu anaweza kulima, kukamua na kubeba gunia huku presha yake iko juu sana asijue. Kenya ilifanya uchunguzi wa nchi nzima mwaka 2015, ikaonekana kwamba karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajapimwa hata mara moja. Sasa fikiri shamba lako. Kiharusi kikimshika mwenye shamba upande wa kuume, nani atakamua alfajiri? Ng'ombe wa kwanza huuzwa kulipa hospitali, wa pili huuzwa kulipa karo, na kipande cha shamba hufuata.

Liko jambo moja lililochunguzwa hapa hapa kwetu. Katika miaka ya 1980 madaktari waliwafuata Wajaluo waliotoka vijijini, kaskazini mwa Ziwa Victoria, wakaenda kukaa Nairobi. Waliwalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani, na habari zake zilichapishwa mwaka 1990. Presha ya waliohama ilikuwa juu kuliko ya waliobaki, na tofauti hiyo ilionekana mapema, katika miezi ya kwanza tu. Mkojo wao ulipopimwa ulionyesha kwamba wanakula chumvi nyingi zaidi, na potasiamu kidogo zaidi. Potasiamu ni madini yaliyomo katika mboga, maharagwe, viazi na ndizi, nayo husaidia mwili kuitoa chumvi. Hatusemi kwamba chumvi peke yake ndiyo iliyofanya hayo yote. Uzito wa mwili na pombe navyo vina sehemu yake. Lakini angalia: watu walikuwa wale wale, kilichobadilika ni maisha na chakula. Wewe wa skimu huenda hukuhamia Nairobi, lakini duka la Nairobi limekwisha kukuhamia wewe.

Mtu atasema, "Mimi natoka jasho shambani, lazima nirudishe chumvi." Jasho hutoa chumvi, ndiyo, lakini mwili uliozoea kazi na jua hujifunza kutoa jasho lenye chumvi kidogo, na chakula cha kawaida hurudisha kilichotoka. Kiu ya shambani hutaka maji. Mwingine atasema kwamba Bwana Shamba mwenyewe anatuambia tuwape ng'ombe chumvi ya kulamba. Ni kweli, na usiache! Ng'ombe wa maziwa anakula majani yenye potasiamu nyingi na sodiamu kidogo sana, na sodiamu ndiyo iliyomo katika chumvi, tena maziwa huchukua nyingine. Wewe huli majani matupu, wala hukamuliwi.

Ulimi unafundishika

Sababu ya watu wengi kushindwa ni kwamba hupunguza chumvi yote kwa siku moja. Jioni chakula hakina ladha, watoto wananuna, baba ananyoosha mkono kwenye chumvi, na kesho yake mambo yamerudi pale pale. Ulimi uliozoeshwa chumvi nyingi huona chumvi kidogo kama si kitu. Ukipunguza polepole, baada ya miezi miwili au mitatu hivi ulimi huzoea, na kile chakula cha zamani ndicho utakachokiona kikali.

Acha kwanza kutia chumvi kwa mkono, kwa maana mkono haupimiki. Tumia kijiko kimoja cha chai, kile kile kila siku, usawazishe juu kwa kisu. Ikiwa sufuria yako ya watu sita ilikuwa ikipata vijiko viwili, wiki ya kwanza na ya pili tia kimoja na nusu. Wiki ya tatu na ya nne tia kimoja. Tangu wiki ya tano tia nusu kijiko. Ile chupa ya chumvi iliyo juu ya meza iondoe kabisa. Baba, tafadhali onja kwanza. Wako wanaume wanaotia chumvi kabla kijiko hakijafika mdomoni, na huko ni kumdharau mpishi.

Kila unapopunguza chumvi, ongeza kitu kingine chenye ladha. Hapo ndipo penye siri ya somo hili: si kutoa tu, bali kujaza pengo.

Kila kiungo na saa yake

Viungo vingi huharibiwa kwa kutiwa wakati usiofaa, halafu mtu husema havina ladha. Tuchukue sufuria ya maharagwe ya watu sita.

Loweka vikombe viwili vya maharagwe usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo, tia mapya, uchemshe kwa nguvu dakika 10 au zaidi, kisha punguza moto mpaka yaive. Usitie nyanya wala limau wakati huu. Vitu vichachu huzuia maharagwe yasilainike, ukamaliza kuni bure.

Yakiwa laini, weka mafuta vijiko viwili vya kulia katika sufuria nyingine. Tia nusu kijiko cha chai cha bizari nyembamba nzima, ambayo madukani wengine huiita jira. Ikianza kulia na kunukia, tia mara moja vitunguu maji viwili vilivyokatwa vidogo. Usifanye haraka hapa. Kitunguu kilichokaangwa polepole mpaka kikawa rangi ya asali hutoa utamu ambao kitunguu cha haraka hakina, na utamu huo hufanya kazi kubwa ya kuficha upungufu wa chumvi. Baada ya hapo tia punje nne za kitunguu saumu zilizopondwa, na tangawizi kipande cha urefu wa kidole gumba, imepondwa vile vile. Vikoroge kwa dakika moja tu. Kitunguu saumu kikiungua huwa kichungu na kuharibu sufuria nzima. Tia nusu kijiko cha bizari ya manjano, halafu nyanya tatu pamoja na mashina ya dania yaliyokatwa. Nyanya zikivunjika kabisa, mimina maharagwe na maji yake kidogo. Ponda kama kikombe kimoja cha maharagwe hayo ndani ya sufuria ili mchuzi uwe mzito, kwa kuwa mchuzi mzito hukaa ulimini.

Epua. Sasa tia nusu kijiko cha chumvi na ukoroge, kisha majani ya dania yaliyokatwa, konzi moja iliyojaa, na maji ya nusu limau. Funika dakika tano. Harufu ya dania ni mafuta mepesi ambayo moto huyafukuza, ndiyo maana majani huja mwisho. Uchachu wa limau nao huchangamsha ulimi kwa namna inayofanana na chumvi. Ikiwa utajifunza jambo moja tu katika ukurasa huu, jifunze limau.

Chumvi huja mwisho kwa sababu nyingine pia. Nchini Kenya chumvi ya kula hutiwa madini ya ayodini kwa sheria, yanayozuia rovu, ule uvimbe wa shingo, na kuwalinda watoto walio tumboni. Moto mwingi hupunguza ayodini. Kwa hiyo hiyo chumvi kidogo unayotia iwe ya pakiti yenye ayodini, ikae katika chombo kikavu chenye kifuniko, mbali na mvuke wa jiko. Usiibadilishe kwa chumvi ya mawe ya mifugo.

Kwa sukuma wiki mambo ni mafupi. Kaanga kitunguu, tia kitunguu saumu, tia mboga, geuza dakika chache tu, epua ikiwa bado kijani. Limau litiwe sahanini, kwa maana likitiwa motoni mboga hugeuka rangi. Mboga chungu kama managu na saga hazitaki chumvi nyingi, zinataka maziwa. Chemsha, mwaga maji, kisha zitie maziwa au malai zilale usiku mmoja mahali pa baridi. Kesho uchungu umetulia. Nyinyi wenye maziwa ghalani hamna udhuru. Nyama ya mbuzi ipakwe kitunguu saumu, pilipili manga iliyopondwa na majani machache ya rosmari saa mbili kabla ya kuchomwa. Wali wa pishori wa Mwea unanukia wenyewe. Tia iliki mbili na kipande cha mdalasini, na robo kijiko cha chumvi inawatosha watu sita.

Magadi na vile vipande vya mchuzi

Nyumba nyingi hutia magadi katika githeri ili mahindi yalainike upesi. Wengine hutumia ile soda ya kupikia keki. Jua kwamba vyote viwili vina sodiamu, kitu kile kile kilicho katika chumvi kinachopandisha presha, hata kama ulimi hausikii chumvi. Magadi ya Ziwa Magadi yana na floraidi nyingi pia, inayotia meno ya watoto madoa ya kahawia. Maharagwe yakilowekwa usiku, na mahindi yakalowekwa mbali na kuanza kupikwa kwanza, magadi hayana kazi tena. Kuni zitapungua vile vile.

Vipande vya mchuzi vya dukani, vile vidogo vyenye karatasi ya kung'aa, karibu nusu ya uzito wake ni chumvi. Kipande cha gramu 10 kina chumvi kama gramu 5, yaani kipimo cha mtu mzima cha siku nzima. Unga wa mchuzi wa pakiti nao soma maandishi nyuma yake. Vitu huandikwa kwa kufuata wingi, na ukiona chumvi imetajwa mapema katika orodha hiyo, basi unanunua chumvi kwa bei ya viungo. Nunua viungo vizima na uvisage mwenyewe. Vinakaa na harufu yake muda mrefu, tena ni vigumu muuzaji kuvichanganya na takataka.

Kitanda cha viungo nyuma ya jiko

Sasa twende shambani, japo si mbali. Kitanda cha mita moja kwa mita tatu chatosha nyumba moja. Kiwe karibu na jiko, maana mpishi hatatembea robo maili kutafuta dania sufuria ikiwa motoni. Maji ya kuoshea mboga yamwagwe hapo.

Dania ndiyo ya kwanza. Kile kinachoitwa mbegu ni kiganda chenye mbegu mbili ndani. Kibonyeze kwa chupa kipasuke, loweka usiku mmoja, kisha panda katika mistari iliyoachana sentimita 30, kina cha sentimita moja na nusu. Sehemu za joto huota kwa siku saba hadi kumi, sehemu za baridi kama Kinangop yaweza kuchukua wiki tatu, kwa hiyo usiifukue kutazama. Baada ya wiki tano au sita unaanza kukata. Jua kali na ukame huifanya itoe maua haraka na majani kukoma, basi panda mstari mmoja mfupi kila wiki tatu, si kitanda chote kwa siku moja. Ile iliyotoa maua iache ikomae. Mbegu zake ni kiungo, na nyingine utazipanda.

Kitunguu saumu hupenda baridi, na watu wa Kinangop na Ol Kalou wana bahati hapo. Panda punje moja moja, ncha juu, zikiachana sentimita 10 hadi 15. Huchukua kama miezi minne au mitano. Majani yakianza kunyauka na kuwa manjano, acha kumwagilia, ng'oa, kausha kivulini, suka mkia na utundike mahali penye hewa. Rosmari hupandwa kwa vijiti vya sentimita 15 vilivyotolewa majani ya chini. Haipendi maji kutuama, lakini ikishashika hukaa miaka mingi. Tangawizi na limau zinataka joto. Wakulima wa juu wanunue sokoni, wa Mwea wapande. Pilipili kali mahali pa baridi iwekwe katika debe kuukuu lenye matundu, kando ya ukuta wa jiko, na usiku wa baridi ya kuunguza majani iingizwe ndani.

Onyo moja kwa wakulima wa viazi. Dawa mnayopiga kuzuia ubaridi wa viazi haifai kugusa dania, inayoliwa mbichi wiki ile ile. Panda kitanda cha viungo upande upepo unakotoka, na bomba la dawa lisioshewe hapo. Pilipili na mbegu mkizianika, tumieni mkeka au waya uliowekwa juu ya vigingi, si udongo mtupu. Zikipata ukungu zitupwe, ukungu mwingine una sumu isiyotoka kwa kupikwa.

Mwenye dawa za presha

Ikiwa umekwisha kupewa vidonge vya presha, viungo hivi havichukui mahali pake. Tunasikia watu wakiacha vidonge kwa kuwa wanatafuna kitunguu saumu. Hilo ni kosa ambalo huonekana siku ya kiharusi. Endelea na vidonge, punguza chumvi, na mwache daktari aamue kama dawa ipunguzwe. Iko pia chumvi ya namna nyingine, ambayo sehemu ya sodiamu imebadilishwa kwa potasiamu. Huko China ilijaribiwa katika vijiji 600, habari zikatoka mwaka 2021, na kiharusi kilipungua. Lakini mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa fulani za moyo na presha, aweza kudhurika nayo, kwa hiyo aulize kwanza zahanati.

Kupima presha ni kazi ya dakika chache. Siku ya soko pita zahanati, keti upumzike dakika tano kabla ya kupimwa, na namba watakazokupa uziandike. Daftari la maziwa lina nafasi nyuma. Andika hapo namba zako na za mama wa nyumba, na chini yake zile tarehe mbili za pakiti ya chumvi.